Muulizeni Mweka Hazina

Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8 katika jiji la Ahmedabad, magharibi mwa India. Kwenye hospitali moja isiyo na viyoyozi, wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Paa linaloshinda juani hufyonza joto mchana kutwa na kulitema usiku, kwa hiyo hata magharibi ikiingia, ndani hapapoi. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo, watoto wachanga 24 walipelekwa chumba cha uangalizi maalumu kwa sababu ya joto. Miezi hiyohiyo ya 2009 walikuwa 8. Ya 2011 walikuwa 4.

Mwaka 2011 haukuwa na joto kali kama uliotangulia, na hilo lazima lihesabiwe. Lakini watafiti walipotenganisha mchango wa hali ya hewa na mambo mengine, walikuta sababu ya pili: baada ya lile wimbi la joto, wodi ya wazazi ilihamishiwa ghorofa ya chini. Vitanda viliteremshwa ngazi. Kazi ya namna hiyo haisubiri mkutano wa kilele wala mfadhili. Inasubiri mtu mwenye mamlaka juu ya jengo, anayejua ni ghorofa ipi inaungua, na mwenye saini ya kuamuru vitanda vihamishwe.

Naanzia wodini kwa makusudi. Tumezoea kuzungumza mabadiliko ya tabianchi kwa lugha ya marais: nyuzi 1.5, mabilioni ya dola, mwaka 2050. Lugha hiyo ina mahali pake, ila inamfanya diwani ajione mtazamaji. Kumbe sehemu kubwa ya kinachochafua anga, na karibu kila kinachoumiza watu, kinapita mikononi mwa halmashauri. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilikadiria kuwa mwaka 2020 miji ilihusika na kati ya asilimia 67 na 72 ya gesijoto zote duniani, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, ukihesabu pamoja na zile zinazotoka kwingine kuzalisha bidhaa ambazo wakazi wa miji wanazitumia. Nani anaamua barabara ya mjini iwe na njia ya basi au iongezwe upana kwa ajili ya magari? Nani anagonga muhuri kwenye ramani ya jengo? Nani anazoa taka, na anazimwaga wapi?

Hoja yangu ni fupi. Serikali ya mtaa inaongoza katika tabianchi pale inapotumia kalamu ambazo tayari inazo, na kalamu nzito kuliko zote iko kwa mweka hazina. Afisa mazingira peke yake hawezi. Mpeni ofisi, kompyuta na gari la kukagua, bado hawezi, kwa sababu maamuzi yanayochafua na yanayookoa yanafanyika kwenye ofisi nyingine ambazo yeye huingia kwa kubisha hodi.

Desemba 2016 halmashauri ya Darebin, pembezoni mwa Melbourne nchini Australia, ilitangaza dharura ya tabianchi, ya kwanza duniani kufanya hivyo. Tangu hapo mamlaka zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za mitaa, zimetoa matamko ya aina hiyo. Silibezi tamko. Linampa mkazi kitu cha kumnyooshea kidole diwani wake. Lakini nina mazoea ya kusoma mipango ya tabianchi ya miji kuanzia nyuma, kwenye majedwali, na mara nyingi safu ya gharama inasema “zitatafutwa” na safu ya mhusika inasema “wadau”. Mpango ambao mhusika wake ni wadau hauna mwenyewe. Jalada lake, hata hivyo, huwa na picha nzuri ya mtoto ameshika mche.

Jiji la Oslo, Norwei, lilichukua njia nyingine. Tangu bajeti ya mwaka 2017, kitabu cha bajeti cha jiji hilo kina hesabu mbili. Moja ni ya fedha, kama ya halmashauri yoyote. Ya pili ni ya gesijoto: jiji linaruhusiwa kutoa kiasi gani mwaka huu, hatua zipi zitapunguza tani ngapi, na idara ipi inabeba kila hatua. Idara zinatoa taarifa za tani kwa utaratibu uleule wa kutolea taarifa za fedha. Anayesimamia zoezi zima ni kiongozi wa fedha wa jiji, naye ndiye anayesimama mbele ya baraza kulieleza.

Mtu asiyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anaweza kuona hili ni jambo la makaratasi tu. Ukweli ni kwamba limegeuza mizani ya ofisi. Mkuu wa idara ya ujenzi ambaye zamani angepokea barua ya mazingira na kuiweka chini ya glasi ya maji, sasa anaulizwa na mtu anayeidhinisha fungu lake. Tani zisipopungua, pengo linaonekana kwenye jedwali la mwaka huohuo, wala halisubiri mwaka 2050, wakati wote waliosaini watakuwa wamestaafu. Na pengo likionekana, mjadala unakuwa wa kawaida kabisa, kama ule wa mapato yaliyopungua: tufidie wapi?

Matokeo yake yanaonekana mtaani. Mwaka 2019 Oslo ilikarabati mtaa wa katikati ya jiji uitwao Olav Vs gate kwa masharti kwamba mashine kubwa za ujenzi zitumie umeme. Makatapila ya umeme yalikuwa haba sokoni, mengine yalikuwa ya dizeli yaliyobadilishwa injini. Kilichowashangaza watu wa mtaa huo si moshi, maana moshi wa ujenzi tumeuzoea kiasi kwamba ukiondoka hatuuoni. Ni kelele: mafundi waliweza kuzungumza bila kupiga ukelele. Jiji likaendelea kuweka sharti hilo kwenye zabuni zake, na wakandarasi, ambao hakuna aliyewahubiria, wakaanza kununua mashine. Zabuni ina nguvu ambayo semina haina. Halmashauri ni miongoni mwa wateja wakubwa katika eneo lake, kwa magari, saruji, chakula cha shule, taa za barabarani. Ikisema “sinunui hiki tena”, soko linasikia.

Nisije nikaonekana naimba sifa za Oslo tu. Norwei imetajirika kwa kuuza mafuta na gesi nje, na tani zinazochomwa kwingine haziingii kwenye kitabu cha jiji. Lakini chombo chenyewe, yaani kuweka hesabu ya gesijoto ndani ya mzunguko wa bajeti, hakihitaji utajiri wa mafuta. Kinahitaji mhasibu na nidhamu.

Maji yanafundisha zaidi, kwa sababu hayana subira. Tarehe 2 Julai 2011 Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilinyeshewa takriban milimita 150 ndani ya saa mbili hivi. Mifumo ya maji taka ilizidiwa, vyumba vya chini vya majengo vikajaa, barabara kuu zikafungwa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu krona bilioni 6. Wahandisi wa jiji walikuwa na jibu la mazoea: mabomba makubwa zaidi. Wakapiga hesabu, wakaona kuyazika mabomba yanayotosha mvua ya aina ile kila mahali ni ghali kuliko kuyapa maji njia juu ya ardhi. Mwaka 2012 jiji likapitisha mpango wa mvua kubwa wenye miradi karibu 300 ya kutekelezwa kwa takriban miaka 20.

Ukienda kwenye bustani ya Enghaveparken utaelewa walichofanya. Ni bustani ya zamani, yenye miti, maua na uwanja wa mpira. Baada ya ukarabati, uwanja umekuwa chini kidogo kuliko mwanzo, na pembezoni mwa bustani kuna ukuta mfupi ambao watu wanaukalia wakipiga soga. Siku ya mvua ya kutisha, bustani hiyo inaweza kushika maji mita za ujazo 22,600 mpaka mfereji mkuu upate nafasi. Siku nyingine zote za mwaka ni mahali pa kupumzika. Sehemu kubwa ya fedha za mpango mzima inatoka kwenye ankara za maji za wakazi, baada ya sheria kurekebishwa ili iruhusu. Angalia mchanganyiko huo: mhandisi, mtu wa bustani, mtu wa ankara na mwanasheria. Hakuna mmoja kati yao mwenye neno “tabianchi” kwenye cheo chake.

Hapa niweke neno moja kuhusu jambo lisilopigiwa picha. Mfereji unajengwa mara moja, unasafishwa kila msimu. Kujenga kuna jiwe la msingi, utepe na mgeni rasmi. Kuzibua kuna mtu mwenye buti na koleo, saa kumi na moja alfajiri. Bajeti ikibanwa katikati ya mwaka, kasma ya matengenezo ndiyo inayokatwa kwanza, kwa sababu mfereji uliojaa mchanga haulalamiki mpaka mvua inyeshe. Ukitaka kujua halmashauri imejiandaa vipi na mvua kubwa, usiombe mkakati wao. Omba matumizi halisi ya kasma ya usafishaji wa mifereji kwa miaka mitatu, uyalinganishe na kilichoidhinishwa.

Kalamu ya pili kwa uzito ni ya ardhi. Gari linakaa barabarani miaka 15, jengo linakaa 50 au zaidi, na mpangilio wa mji unaweza kudumu karne. Kosa la mpangilio halirekebishwi kwa kubadilisha injini. Mji ukitawanyika, nyumba huku, kazi kule, shule upande wa tatu, wakazi wanahukumiwa kusafiri mbali kila siku, na hata magari yote yakiwa ya umeme bado mabomba, nyaya na barabara zitakuwa ndefu na ghali kuzitunza.

Mji wa Curitiba, kusini mwa Brazili, unatajwa kila mahali kwa mabasi yake ya mwendo wa haraka yaliyoanza mwaka 1974, na miji mingi imeyaiga. Iliyoiga nusu ya pili ni michache. Curitiba iliandika kwenye sheria zake za ardhi kwamba majengo marefu yanaruhusiwa hasa kandokando ya njia kuu za mabasi, na kadiri unavyosogea mbali urefu unapungua. Kwa hiyo basi lilikuta abiria wanaishi jirani na kituo. Ukinunua mabasi bila kugusa vibali vya ujenzi, unapata basi zuri linalopita kati ya viwanja vitupu likienda kutafuta watu mbali, halafu unashangaa kwa nini nauli haitoshi kuliendesha.

Mji huohuo ulikuwa na mito inayofurika. Badala ya kuijengea zege, meya Jaime Lerner na wenzake walitenga mabonde yake kuwa bustani. Ile ya Barigui ilianzishwa mwaka 1972. Maji yakija yanapata pa kukaa, na kwa kuwa ardhi ni bustani ya umma, hakuna wa kujenga nyumba bondeni kisha kuja kubomolewa. Majani yalipokua, manispaa ilileta kondoo wakayapunguza. Najua kuna watakaocheka. Kondoo hawatumii petroli.

Kutenga bonde kabla halijajengwa ni kazi rahisi kuliko zote katika kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na ndiyo inayoshindikana zaidi. Inashindikana kwa sababu kibali kina bei, rasmi na isiyo rasmi. Afisa mmoja anayekataa kusaini ujenzi bondeni anaokoa maisha ya watu ambao hawatamjua kamwe, na anajitengenezea maadui ambao wanamjua vizuri sana. Ramani ya maeneo ya mafuriko ikifungiwa kabatini, afisa huyo yuko peke yake. Ikibandikwa ubaoni, kila jirani anakuwa shahidi wake. Katika orodha yote ya hatua zinazoitwa za kijani, kubandika ramani ni ya bei ndogo mno, na bado nyingi ziko kabatini.

Kuhusu taka nitasema kwa ufupi. Mabaki ya chakula yakioza dampo bila hewa yanatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto mara 80 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa. Habari njema ni kwamba methani haidumu angani, kwa hiyo kuipunguza leo kunaonekana mapema. Milan, Italia, ilianza mwaka 2012 kukusanya mabaki ya jikoni kaya kwa kaya, na kufikia 2014 ilikuwa imelifikia jiji zima. Siri yake ilikuwa ndogo: kila kaya ilipewa kindoo chenye matundu, kisichotoa harufu haraka, na taka nyingine zikawekwa kwenye mifuko inayoonyesha kilichomo, ili mkusanyaji aone kama mtu amechanganya. Huko Pune, India, manispaa iliingia mkataba mwaka 2008 na ushirika wa waokota taka wenyewe, uitwao SWaCH, wakawa wanapita mlango kwa mlango kwa ada. Wanaoishi kwa kuchambua taka wanazijua kuliko mshauri yeyote. Mradi wa taka unaoanza kwa kuwafukuza dampo umeanza vibaya.

Sasa siasa, ambayo ndiyo inawatisha madiwani. Tozo ya kuingia katikati ya jiji, njia ya basi inayokula nafasi ya magari, kupunguza maegesho: vyote hivi vina walalamikaji wenye sauti na wanufaika wasiojijua. Stockholm, Uswidi, iliingia kwenye mtego huo na kutoka. Wakazi wengi walikuwa wanapinga tozo ya msongamano. Jiji halikutumia miaka kuwashawishi kwa vipeperushi. Agosti 2005 huduma ya mabasi iliongezwa, na Januari 2006 tozo ikaanza kwa majaribio ya miezi saba. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Mwisho wa Julai majaribio yakakoma, na magari yakarudi kwa wingi. Septemba mwaka huohuo wakazi wa jiji wakapiga kura ya maoni wakiwa wameziishi hali zote mbili, nao wengi wakasema ndiyo. Tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007.

Mpangilio wa matukio ndio uliofanya kazi. Basi lilitangulia tozo. Jaribio lilikuwa na tarehe ya mwisho, kwa hiyo mpinzani hakuhisi amefungiwa mlango. Kisha tozo ikaondolewa, na watu wakakumbushwa na foleni yenyewe. Watawala wengi wanafanya kinyume: wanaanza na adhabu, usafiri mbadala wanauahidi awamu ya pili, halafu wanalaumu wananchi kwa kukosa uelewa. Hata hivyo upo upande wa wapinzani ambao siwezi kuupuuza. Manispaa jirani, ambazo watu wake wanaingia Stockholm kila asubuhi, baadhi zilifanya kura zao na kukataa, na kura zao hazikubadilisha kitu. Jiji likiamua peke yake, gharama inaweza kuvuka mpaka na kumkuta mtu asiyekuwa na kura.

Na kuna ukuta mkubwa zaidi ya huo. Hata Stockholm haikuwa na mamlaka ya kutoza yenyewe; kisheria tozo ile ni kodi, na kodi ni ya bunge. Habari za serikali za mitaa na tabianchi zimejaa kuta za namna hii, na anayeziandika bila kuzitaja anawaonea watu wa halmashauri.

Freetown, Sierra Leone, inalijua hili kwa uchungu. Tarehe 14 Agosti 2017 sehemu ya mlima ilimomonyoka baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 1,000 wakafa au kupotea. Meya Yvonne Aki-Sawyerr alipoingia ofisini mwaka uliofuata, aliweka lengo la miti milioni moja, na upandaji ukaanza 2020. Tofauti na kampeni tulizozizoea, kila mche ulipewa namba, unapigwa picha kwa simu, na wakazi wanaoutunza wanalipwa kwa kuufuatilia baada ya kupandwa. Mradi unaohesabu miti iliyo hai una tabia tofauti kabisa na unaohesabu mashimo yaliyochimbwa. Lakini mamlaka ya mipango ya ardhi na vibali vya ujenzi yamebaki mikononi mwa serikali kuu. Jiji linapanda huku, na kule juu mlimani msitu unakatwa kupisha nyumba kwa karatasi ambazo jiji halikuzitoa. Meya amelisema hadharani mara nyingi. Unaweza kumpa mtu jina la kiongozi wa mapambano, kisha ukabaki na funguo za ghala la silaha.

Copenhagen nayo, pamoja na bustani zake za maji, ilipigwa mwereka. Ilijiwekea lengo la kuwa mji mkuu wa kwanza duniani kutotoa hewa ukaa ya ziada ifikapo 2025. Agosti 2022 ikakiri kwamba haitafika, kwa kuwa ilitegemea kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda chake cha kuchoma taka, na mradi huo ulikosa sifa za kuomba fedha za serikali kuu. Wapo waliosema lengo lilikuwa la kujionyesha. Mimi naona walichokosea ni kulitundika lengo zima kwenye ufunguo ulioko mfukoni mwa mwingine. Lakini kwa kuwa walikuwa na lengo lenye mwaka karibu na hesabu ya wazi, tulijua wameshindwa, lini na kwa sababu ipi. Halmashauri zenye lengo la 2050 bado zinaongoza kwa sasa. Hazijashindwa.

Nasikia swali: halmashauri ambayo haina hata fedha za kununua karatasi, itaanzia wapi? Ni swali halali, na watu wanaolijibu kwa kutaja hatifungani za kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, wanapaswa kueleza ni halmashauri ngapi zinaruhusiwa kukopa bila idhini ya wizara. Kuna mambo ambayo serikali kuu lazima iyaachie, nayo ni fedha pamoja na majukumu, kwa kuwa kugawa jukumu bila fungu ni kugawa lawama.

Lakini turudi Ahmedabad. Mei ile ya 2010, vifo katika jiji hilo vilizidi kiwango cha kawaida kwa 1,344. Mwaka 2013 manispaa ikatoa mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza Asia Kusini. Vilivyomo havikuhitaji mkopo. Afisa mmoja aliteuliwa kupokea utabiri na kutoa tahadhari kwa rangi. Wahudumu wa afya walifundishwa kutambua dalili za mtu aliyezidiwa na joto. Vituo vya maji ya kunywa viliongezwa, na bustani zikaachwa wazi mchana, saa ambazo zamani mlinzi alikuwa anafunga lango. Utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba mpango huo uliepusha wastani wa vifo 1,190 kwa mwaka. Sitegemei kila mji upate namba hiyo. Ila nalifikiria lile lango la bustani. Kulifungua saa saba mchana kunagharimu nini zaidi ya kubadilisha zamu ya mlinzi?

Mfano wa mwisho ni mdogo kuliko yote. Kamikatsu ni mji wa milimani nchini Japani wenye watu wasiofika 1,500. Mwaka 2003 ulitangaza kwamba kufikia 2020 hautachoma wala kufukia taka hata kidogo. Wakazi wanapeleka taka kituoni wenyewe na kuzitenganisha kwa makundi zaidi ya 40: vizibo peke yake, chupa kwa rangi zake, karatasi kwa aina zake. Mwaka 2020 ulipofika, walikuwa wanarejeleza takriban asilimia 80. Lengo halikutimia.

Kilichobaki kinajulikana, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimepita mikononi mwa mtu: nepi za kutupa, aina fulani za plastiki, vitu vilivyounganishwa kwa malighafi mbili au tatu zisizoachana. Hakuna sheria ndogo ya mji wa watu wasiofika 1,500 inayoweza kumlazimisha mwenye kiwanda abadilishe namna anavyotengeneza nepi. Mji uliandika tamko jipya lenye mwaka 2030, na ile asilimia 20, ikiwa imepimwa na kupangwa kwa majina, iko pale kituoni ikimsubiri mwenye mamlaka juu yake.